Siku Niliyompeleka Baba Mkwe kwa Baroni

Haya, chekeni sasa kabla sijaanza, maana mkishacheka mapema huenda nikimaliza mtakuwa mmebaki na huruma kidogo. Mimi, mtu mzima mwenye mke, mtoto na leseni mbili, niliwahi kumvisha baba mkwe wangu suti na helmeti, nikampeleka karibu kilomita mia kutoka Brussels kwenda kumsalimia baroni ambaye hakuwa na habari hata kwamba tumezaliwa. Aibu ni yangu, nakubali, lakini hasira niliyonayo siwezi kuibeba peke yangu, kuna watu wa kugawana nao na nitawataja (mmoja ni Bisimwa, na anajijua).

Mambo yenyewe yalianza na filimbi. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilijiunga na msafara wa pikipiki wa kampuni moja inayotembeza watu kwenye makasri ya kale ya Ulaya, mnakuwa kumi na wawili mnafuatana nyuma ya kiongozi mwenye kibendera, na mkifika kwenye kasri mnapewa dakika ishirini, kisha filimbi. Filimbi! Nilikuwa katikati ya ngazi za mnara, ngazi zenyewe za kuzunguka mpaka kichwa kinauma, ndio kwanza nakaribia lile tundu walilokuwa wakimwagia adui mafuta ya moto, mara nasikia priii, haya tuondoke. Nililipa hela zangu nikachungwa kama mtoto wa darasa la pili! Nikarudi nyumbani nimevimba, nikamwambia mke wangu Zaina kwamba kuanzia leo safari zangu nitazipanga mwenyewe.

Na nilijifunza kweli, msinione hivi. Nyumba yetu ya Saint-Gilles ilikuwa na jiko dogo lenye meza moja, na meza hiyo nikaitandika ramani za karatasi (simu zilikuwa bado hazijaanza kutuelekeza kila kona), nikaazima vitabu maktaba, nikafungua daftari. Nikajifunza kwamba makasri mengi Jumatatu hufungwa, kwamba siku moja inatosha makasri mawili na la tatu ni uroho, kwamba kilomita mia mbili za barabara za kona kona zinachosha kuliko mia nne za barabara kuu, na kwamba lazima uache nusu siku kwa ajili ya mvua (kwa Ubelgiji acha nzima). Nikapanga safari ya siku sita, kutoka Brussels kushuka bonde la mto Meuse, kupita milima ya Ardennes, kuingia Luxembourg, mpaka Ujerumani kwenye mto Rhine ambako makasri yamepangana kama maduka ya Kariakoo. Kitabu kimoja kikanishauri kwamba makasri mengine bado ni mali ya watu binafsi, kwa hiyo ni vizuri uandike barua mapema kuuliza siku za kufungua na mahali pa kuegesha. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Kwa sababu Kifaransa changu ni cha kununulia mkate, barua ya kasri la baroni mmoja nilimpelekea Bisimwa aniandikie. Huyu ni Mkongo wa Bukavu, fundi pikipiki, gereji yake ilikuwa karibu na stesheni ya Gare du Midi, na wakati huo alikuwa ameishi Ubelgiji miaka kumi na tano (naomba mkumbuke hiyo kumi na tano). Tukaandika kwa adabu zote za kwetu, huwezi kumwandikia mtu mkubwa ukaanza na maswali ya maegesho kama hujafundwa: tukamwamkia baroni, tukaiulizia afya ya familia, tukajieleza mimi ni nani, nasukuma vitanda vya wagonjwa kwenye hospitali kubwa kule Jette, mke wangu ni muuguzi hapo hapo, na kwamba mwezi huo tuna mgeni, baba yake mke wangu, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Lushoto, naye angependa kupita kutoa salamu. Pikipiki tuiweke wapi, tukaiuliza mwisho kabisa.

Sasa niwaambie kuhusu huyu mgeni, maana yeye ndiye roho ya kisa. Mzee Hoza alifundisha historia miaka zaidi ya thelathini, enzi zile za Ujamaa, na somo lake la kupenda lilikuwa ukabaila: bwana anakaa kwenye ngome, mkulima analima, mavuno yanapanda kilimani. Alilifundisha hilo bila kumwona kabaila hata mmoja. Na mimi tangu nimuoe binti yake hakuwahi kuniamini. Zaina ndiye aliyepata kazi Ulaya kwanza, mimi nikamfuata, hata ile kazi ya vitanda aliniombea yeye, na mzee alikuwa akiniita "mume wa kuletwa", si kwa kunitania, kwa kunieleza tu, kama unavyosema mtu ni mrefu au mfupi. Alikuja kwetu kwa wiki tatu. Nilichotaka katika hizo wiki tatu ni kitu kimoja tu, aone kwa macho yake kwamba mkwewe akipanga jambo linakuwa.

Jibu likaja baada ya siku tisa. Karatasi nene, nembo ya simba wawili juu, sahihi ya wino wa bluu chini. Nikakimbia nayo gereji.

"Bon, mon frère, lete nione," Bisimwa akasema huku anajifuta mikono. Akasoma, akatoa miwani, akavaa tena. "Ooh! Karatasi ya namna hii haiandikiwake muntu ya bule. Anasema yeye na madame watakuwa na plaisir ya kukupokea dimanche, kuanzia dix heures. Donc, amekuita."

"Ameniita mimi?"

"Anaita nani basi, mimi? Na mukubwa akikuita, utabeba nini? Auwezi enda mikono bule."

Hebu niambieni nyinyi. Mtu amekuandikia kwa mkono wake kwamba atafurahi kukupokea Jumapili saa nne, kwetu huyo mtu ameshachinja! Ameshamwambia mkewe apike! Usipotokea umemtukana. Mpaka leo nikilifikiria hilo neno furaha kwenye ile barua damu inanipanda, kwa nini mtu aandike furaha kama hana mpango wa kufurahi?

Lakini hapo bado ningeweza kujiokoa. Jioni ile mzee alikuwa kwenye kochi anakunywa chai, nikamwonyesha barua, akaigeuza geuza, akaipapasa ile nembo kwa kidole, akaniuliza, "Unafahamiana naye huyu bwana?"

Jibu la kweli lilikuwa hapana, baba, nimemwandikia mara moja kuuliza maegesho. Ulimi wangu, sijui nani aliutuma, ukasema, "Tunaandikiana, baba."

Neno moja. Mzee akaweka kikombe chini. Akaniangalia kwa namna ambayo hakuwahi kuniangalia, na mimi, mjinga, nikaionea raha. Kesho yake nikamsikia kwenye simu na Lushoto, sauti inapenya mpaka ngazini, "Jumapili msinitafute, nina miadi na kabaila mmoja huku, mkwe wangu wanaandikiana naye." Mkwe wangu! Baada ya hapo ningewezaje kurudi nyuma? Zaina akaenda mtaa wa Chaussée de Wavre kutafuta kikapu kizuri, akakipanga: asali ya Lushoto aliyokuja nayo mzee, kahawa, na doti ya kanga kwa ajili ya baroni wa kike. Ile asali alikuwa ameahidiwa yeye, akaitoa kwa ajili ya heshima yangu.

Jumapili ikafika. Bisimwa alikuwa na pikipiki kuukuu yenye kile kigari cha pembeni cha kukalia mtu, akaniachia niendeshe mimi, mzee akakaa kwenye kigari na suti yake ya kijivu, bakora kati ya magoti, kikapu mapajani, na Bisimwa nyuma yangu kama mkalimani. Mshikaki halali wa watu watatu, kama upo. Nikiri kitu kimoja, upande wa barabara nilipanga vizuri ajabu, hatukupotea hata mara moja, tulipumzika nilipoandika tupumzike, mvua haikunya, na tulipotokea kwenye kona tukaliona lile kasri juu ya mwamba na mto chini yake, mzee alinigonga mguu kwa bakora akapaza sauti, "Ndilo lile lile la kwenye kitabu!" Nilikaribia kulia kwa furaha.

Chini kulikuwa na uwanja wa mabasi na foleni ndefu ya watu. Nikapita. Mwalikwa hapangi foleni na wenye mabasi. Mlinzi wa lango alikuwa anabishana na dereva wa basi la wazee, Bisimwa akampungia ile barua ya simba wawili akasema kwa nguvu, "Invités!", yaani waalikwa, yule bwana akatupisha kwa mkono bila kugeuka vizuri, tukaingia na pikipiki yetu ikinguruma mpaka uani, mbele ya mlango mkubwa, nikaiegesha kwenye nyasi zilizokatwa vizuri kuliko nywele zangu. Nikasema moyoni, hivi ndivyo mtu aliyealikwa anavyofika.

Na mlango ukafunguka. Akatoka bwana mmoja mrefu, koti la mahameli jekundu, kofia yenye unyoya, upanga kiunoni, nywele mpaka mabegani. Nyuma yetu watu wakaanza kusogea wakafanya duara. Mimi nikadhani ni watumishi na wanakijiji wamekuja kuona wageni (wanakijiji wenye kamera shingoni! Nilikuwa kipofu?). Mzee Hoza akavua helmeti, akavaa kofia yake ya kufuma, akajinyoosha, akapiga hatua tatu mbele. Hakuinama, alishaniambia njiani kwamba yeye ni mtoto wa Azimio la Arusha na kabaila hamwinamii.

"Bwana Baroni," akaanza, na Bisimwa akaanza kutafsiri kwa sauti ya misa, "nimetoka mbali kuitikia mwito wako. Mimi ni mwalimu. Nimekuletea asali ya milima yetu, na mama mwenye nyumba nimemletea vazi."

Yule bwana akaangaza macho kulia na kushoto, akavua kofia yake, akaipepea mpaka ikagusa nyasi, akasema kwa sauti ya kunguruma kwamba karibuni katika ngome yangu, enyi wasafiri wa mbali! Akapokea kikapu. Watu wakapiga makofi. Mimi kifua kikajaa, nikamtupia jicho mzee, mzee naye ametulia kama anakagua gwaride.

"Nina swali moja," mzee akasema. "Nimelibeba miaka thelathini. Wakulima wanaolima ardhi yako, wewe unawapa nini?"

Bisimwa akatafsiri. Yule bwana akapiga upanga wake kofi akajibu, na watu wakaangua kicheko.

"Amesemaje?" mzee akauliza.

"Papa... anasema iko na batu mia tatu ya kulima. Anabakamata sehemu ya kumi ya mavuno, na mwenye kukataa anamutundika kwa muti."

Mungu wangu. Mzee Hoza akawa mwekundu, kama Msambaa anaweza kuwa mwekundu. "Na anasema hadharani!" Akainua bakora. Na hapo, mbele ya umati ule, akamwaga darasa zima la kidato cha pili, ukabaila ulivyoanza, ulivyonyonya, ulivyooza, bakora ikimwelekea yule bwana kwenye kitovu, na Bisimwa badala ya kupunguza akawa anaongeza, anapaza sauti, anapiga kifua, na yule bwana kila akinyooshewa bakora anaanguka goti moja anajishika moyo, na watu wanashangilia, kamera zinawaka, mtoto mmoja wa Kizungu kapandishwa mabegani aone vizuri. Walidhani ni mchezo! Walidhani mzee wangu ni sehemu ya mchezo wa Jumapili! Mtu aliyesomesha nusu ya Lushoto, na hawa wanamhesabu kwenye kiingilio chao! Nilielewa hilo polepole, na nilipoelewa nilishindwa hata kumshika mkono nimtoe, kwa sababu yeye alikuwa bado hajaelewa na kumtoa ni kumwambia.

Kengele ikalia. Yule bwana akasimama, akajikung'uta nyasi, akavua nywele zake zote kwa mkono mmoja. Chini alikuwa na upara unaotoka jasho. Akamrudishia mzee kikapu kwa heshima kubwa (sina ugomvi na huyu, alikuwa muungwana kuliko wote), akasema kitu na kwenda kuvuta sigara nyuma ya ukuta. Bisimwa kwa mara ya kwanza siku ile alisema kwa sauti ya chini.

"Papa, anasema wewe ni muzuri sana, lakini yeye ni muntu wa théâtre, wa kuigiza. Balimuajiri kwa dimanche tu."

Kabla sijapata pa kuangalia akaja dada mmoja wa kukata tiketi, mwekundu kweli huyu, mkononi ana kitabu cha tiketi. Trois billets, tiketi tatu, na hiyo pikipiki kwenye nyasi ni ya nani? Hasira zangu zote zikapata pa kwenda. Nikamwambia kwa Kifaransa changu cha mkate kwamba sisi ni wageni wa baroni, nikaifungua barua nikaipiga kwa kiganja, nembo, sahihi, furaha, hii hapa! Akaisoma. Akanihurumia, jambo ambalo sikumwomba. Akaenda kwenye kibanda chake akarudi na bunda la karatasi nene zenye simba wawili, akanipa moja, akaeleza kwamba baroni haishi pale, anaishi Brussels kwenye fleti kwa sababu kasri lina baridi, na barua hizi hupelekewa kila anayeuliza siku za kufungua.

Nilitaka kuikunja ile karatasi niitie mfukoni. Mzee akanyoosha mkono. Akatoa miwani ya kusomea, akashika barua yangu mkono wa kushoto na ile nyingine mkono wa kulia, Kifaransa hajui hata neno, akaanza kuzilinganisha mstari kwa mstari, kidole kikishuka taratibu, vile vile alivyokuwa akikamata wanafunzi walioangaliziana mtihani. Akafika kwenye sahihi. Wino ule ule wa bluu, mkia ule ule wa herufi ya mwisho.

Akavua miwani akaniangalia. "Mlikuwa mnaandikiana," akasema.

Bisimwa akajifanya anakagua tairi. Nikageukia Bisimwa kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu, nikamwuliza miaka kumi na tano katika nchi hii amejifunza nini, naye akanijibu bila haya, "Mais muntu akiandika plaisir, ni plaisir, alors!" Na baya zaidi ni kwamba nilikuwa nakubaliana naye.

"Toa chombo chako kwenye majani ya watu," mzee akaniambia. "Halafu tupange foleni."

Tukapanga. Nilisukuma pikipiki kupita katikati ya watu wale wale waliokuwa wakitupigia makofi, wengine wakaniomba nisimame na mzee tupige picha, nikakataa kwa ukali ambao hawakuustahili. Saa nzima tulikaa kwenye foleni juani, suti, kofia, bakora na kikapu. Ndani mzee aliangalia kila chumba, kila ngazi, hakuna aliyempigia filimbi. Alisema sentensi moja tu, tulipopita kwenye duka la vikombe vya ukumbusho: "Kumbe kabaila ameshahama, amebaki bepari wa tiketi." Nikacheka, nikadhani nimesamehewa. Hakuwa amecheka yeye. Kilomita zote za kurudi hakunigonga mguu tena, na mimi kwenye kila taa nyekundu nilikuwa natunga sentensi ya kuomba radhi na kila ikiwaka kijani naitupa.

Zaina alitungoja mlangoni amevaa vizuri, kama vile baroni tumerudi naye. "Mmepokelewaje, baba?"

Nilifungua mdomo ili niseme yote, wallahi nilikuwa nimeamua. Mzee akanitangulia.

"Kwa makofi," akasema. "Wametupokea kwa makofi." Akampa kikapu, akamwambia bwana mkubwa yule hakuweza kupokea zawadi, ni utaratibu wa kazi yake, akaenda kutia udhu. Hakusema uongo hata kidogo. Mimi ndiye niliyebaki nimesimama pale ukumbini na helmeti mkononi, mke wangu ananiangalia kwa fahari, na nilitamani mzee angenichapa ile bakora.

Ile safari ya siku sita sikwenda, daftari nililirudisha kabatini mpaka mwaka uliofuata. Siku hizi napanga tena, nimefika mpaka Rhine na nimerudi, na nimejiwekea miiko ambayo sitaivunja: tiketi nakata mwenyewe, foleni napanga, pikipiki naweka na mabasi, na mtu akiniuliza kama namfahamu fulani, hata kama fulani ni ndugu yangu wa tumbo moja, nasema namwona wona tu. Na barua za furaha nazisoma siku za kufungua, basi.

Lakini kuna jambo moja sijalitatua. Kwetu baba mkwe na mkwewe hawataniani, ni heshima tu, mnaulizana hali na mvua mnaachana. Mzee Hoza akipiga simu kutoka Lushoto anaongea na binti yake, anaongea na mjukuu, kisha ananitaka mimi, ananijulia hali, anauliza mvua, na mwisho kabisa, sauti imenyooka kama ya mtu anayesoma matangazo, ananiambia, "Na rafiki yako baroni, msalimie." Zaina pembeni ananinong'oneza kwamba ni aibu, miaka yote hii hatujawahi kumwalika yule mtu hata chakula. Sijui kama mzee anaendelea kuniadhibu au ndivyo ameamua kunipenda, na siwezi kumuuliza. Namjibu tu, "Zitafika, baba," na kila mara najikuta nimesimama wima katikati ya jiko, simu sikioni, mkono mwingine umenyooka ubavuni.